Maswali Arobaini Yasiyojibiwa

Karatasi ya hamsini na tatu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Mwalimu wa darasa la tatu aliigeuza, akaigeuza tena, halafu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha la ofisi ya walimu, utadhani majibu yalikuwa yamezama ndani yake. Swali la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Saba mara nane, ambalo hata wale wa dawati la nyuma walilipata kwa kuazimana vidole, patupu. Kalamu nyekundu ilishuka ukurasa mzima ikiandika sufuri chini ya sufuri, mpaka la arobaini.

Hapo ndipo mwandiko ulipoanza.

Maswali kumi ya mwisho hayakuwa ya darasa la tatu. Mwalimu wa taaluma, aliyetunga mtihani, alikuwa na desturi ya kuyachota darasa la tano na kuyapachika mkiani, "ya kupepetea pumba," alivyopenda kusema. Hakuna mtoto aliyetegemewa kuyapata. Katika karatasi hamsini na mbili zilizokwisha kusahihishwa, aliyejitahidi sana alipata matatu. Karatasi hii ilikuwa na tisa. Kwenye lile la mabomba mawili yanayojaza tangi, moja kwa saa tatu na jingine kwa saa sita, mtoto alikuwa amechora tangi pembeni, akaligawa vipande sita. Kila saa akalitilia vipande viwili vya bomba la kwanza na kimoja cha bomba la pili, kisha akaandika chini yake: saa mbili. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mwalimu mwenyewe angelifanya kwa njia ndefu, tena kwa kufutafuta.

Tisa mara mbili, kumi na nane. Kumi na nane kwa mia. Kwenye ubao wa matangazo, karatasi ya mwalimu mkuu ilikuwa imebandikwa tangu muhula uanze: chini ya thelathini, mtoto anarudia darasa. Kikao cha kupitisha majina kilikuwa kesho yake, saa nane mchana.

Alilijua jina kabla hajalisoma pale juu. Shule nzima ilimwita mtoto huyo Kiherehere, na aliyempa jina hilo alikuwa yeye.

Waliosoma kwake hukumbuka kwanza mikono yake, iliyokuwa na chaki hadi kwenye kiwiko, na jinsi alivyoshika mkono wa mtoto kumwongoza kuandika namba tano, asiubane wala asiulegeze. Walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo lilikaa mdomoni mwake kama pipi. Miaka ishirini na sita alifundisha darasa la tatu, chumba kilekile, madirisha yaleyale mawili yasiyofunga. Vijana aliowafundisha kugawanya walirudi kuwa walimu, wakapandishwa vyeo, wakampita. Kwenye vikao alikaa karibu na kabati la ramani, akatia sahihi ya mahudhurio, akasikiliza. Mwaka huo alikuwa na watoto sitini na nane.

Mwalimu wa taaluma, kijana wa suruali iliyonyooka kama rula, alipita na kikombe chake cha chai, akachungulia juu ya bega lake.

"Ameibia huyo."

"Kwa nani, mwalimu? Hakuna mwingine aliyeyapata."

"Basi kaibia kwa malaika." Akacheka. "Mwizi gani huyo, anapita sebuleni hachukui kitu, anakwenda kuiba darini?"

Alimshauri aandike kumi na nane yake anywe chai. Mtoto anayedharau maswali mepesi, alisema, ana kiburi, na dawa ya kiburi ni kukaa tena dawati lilelile mwaka mzima. Bi Taratibu hakuiweka karatasi ile kwenye fungu. Aliikunja mara mbili akaitia mkobani, na kengele ya jioni ilipolia akaelekea nyumbani kwa mtoto.

Kiherehere alilelewa na mama yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Chumba cha mbele kilikuwa na joto la mkaa na harufu ya pamba iliyolowa. Mashati yalining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, yamepanga foleni kama watu wasio na vichwa. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mpana, mwenye makovu ya moto kwenye vifundo vya mikono, na alipomwona mwalimu mlangoni hakuiacha pasi.

"Karibu, mwalimu. Leo kavunja nini?"

"Hajavunja kitu, mama. Nimekuja kumwona tu."

"Mwone basi, yuko hapo chini ya mashati. Mwenzio hapa ananiuliza mpaka pasi inapoa. Jana kataka kujua kwa nini mvuke unapanda na maji yanashuka, na vyote ni maji. Nikamwambia kalale."

Mtoto alitokea kati ya mikono miwili ya mashati, mwembamba, miaka minane, nywele zimesukwa upande mmoja na upande wa pili zinangoja. Akapiga magoti kidogo, akaamkia. Mwalimu aliitikia, akaketi kwenye kigoda, akaikunjua ile karatasi juu ya paja lake. Alikuwa amekuja na maneno ya ukali, ameyapanga njiani. Yalimpotea.

"Mwanangu, haya huku juu. Hukuyaelewa?"

"Niliyaelewa."

"Muda haukukutosha?"

"Ulinitosha, mwalimu. Nililala kidogo mwishoni."

"Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita." Mtoto alijibu akiwa ametazama chini, kwa sauti ndogo, kama anayetoa siri ya mtu.

"Sasa kwa nini hukuandika?"

Pasi ilisimama. Mama mkubwa naye alikuwa anasikiliza. Mtoto alimtazama mwalimu wake kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu anayeulizwa jambo na yule yule aliyelianzisha.

"Si ulisema ninayoyajua niwaachie wenzangu."

Mwalimu alishusha macho kwenye karatasi.

"Nikawaachia," mtoto aliendelea, akihesabu kwa kidole ukingoni mwa karatasi. "Hadi la arobaini. Haya ya chini sikuwa na hakika nayo, ndiyo nikayaandika."

Alikuwa amesema. Ilikuwa wiki ya pili ya muhula, siku ya joto, mkono ule mdogo umeinuka kwa mara ya kumi na moja, ukitikisika, ukiinuka na mwili mzima hadi kwenye ncha za vidole. Alikuwa amechoka. "Wee Kiherehere, unayoyajua waachie wenzako. Umesikia?" Na sauti ikajibu: nimesikia, mwalimu. Tangu siku hiyo mkono haukuinuka tena, na yeye Bi Taratibu, Mungu amsamehe, alishukuru kwa utulivu. Mtoto akikaa kimya muhula mzima unamwita ameshika adabu.

Mama mkubwa alianza kucheka, tumbo likitikisika, kisha akaona uso wa mwalimu na kicheko kikamwishia kooni. Akauliza kama ni kweli majina yanapitishwa kesho. Mwalimu akasema ni kweli.

"Nikirudia darasa," mtoto aliuliza, bila kulalamika, kama anayepanga kazi, "nitawaachia na haya kumi pia? Maana sasa nayajua."

Bi Taratibu alirudi kwake kwa miguu, ingawa ni mbali. Njiani mawazo yake yalikuwa kwa mdogo wake wa kike, aliyemfuata ziwa, aliyekufa mwaka juzi. Huyo naye alikuwa wa maswali. Alirudishwa la tatu mara mbili kwa ukaidi, la nne hakuliona. Baada ya maziko, Bi Taratibu aliposafisha jiko la marehemu, nyuma ya mlango alikuta ukuta umeandikwa kwa mkaa kutoka sakafuni hadi usawa wa bega. Zilikuwa namba tu. Moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu, kila moja imezaliwa na mbili zilizoitangulia, zinapanda na kupanda mpaka zinashindwa kuenea. Hazikuwa hesabu za jikoni. Mtu alizifuata kwa sababu zilikuwa zinakwenda mahali. Lakini wageni walikuwa wanakuja, na yeye alichukua kitambaa chenye maji akazifuta.

Kesho yake saa nane, walimu kumi na wawili walikaa. Majina ya kurudia yalisomwa, ya darasa la kwanza, la pili. Yalipofika ya la tatu, kiti cha karibu na kabati la ramani kilikwaruza sakafu.

"Bi Taratibu," mwalimu mkuu alisema kwa upole, "tukufungulie dirisha?" Kwa kuwa katika vikao vya miaka yote hiyo, hilo ndilo jambo pekee alilowahi kuliomba.

"Hapana, mkuu. Nataka kueleza kosa. Langu."

Alieleza kama anavyofundisha, taratibu, hatua moja kisha nyingine. Siku ya joto. Mkono. Maneno yake mwenyewe, bila kuyapaka sukari. Kisha karatasi. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani aliinamisha kichwa, asijue aangalie wapi.

Mwalimu wa taaluma alisema anasikitika, lakini sheria ni msumeno, na karatasi ina kumi na nane.

"Msumeno unakata mbele na nyuma, mwalimu," Bi Taratibu alijibu. "Ukate na huku kwangu. Mtoto aliambiwa na mwalimu wake, akatii. Tukimrudisha nyuma kwa kutii, wale sitini na saba wengine nitawaambia nini? Wanisikilize, au wasinisikilize?"

Mwalimu mkuu aliuliza mtoto yuko wapi. Alikuwa nje, kwenye ngazi, na mama yake mkubwa aliyekuja na fungu la mashati begani kwa sababu hakuwa na pa kuyaacha. Wakamwita.

Aliingia, akaamkia duara zima, akasimama katikati yao. Nywele zote sasa zilikuwa zimesukwa. Mwalimu wa taaluma akachukua karatasi ya maswali, akakohoa, akamwambia atamuuliza kuanzia la kwanza na ajibu kwa sauti. Mtoto alizungusha macho kwa wale watu wazima kumi na wawili, uso kwa uso, kisha akamgeukia Bi Taratibu na kumuuliza kwa heshima kubwa:

"Nijibu yote, au haya rahisi niwaachie walimu?"

Mwalimu mkuu, mtu wa kutabasamu kwa kipimo, alivua miwani, akaiweka mezani, akacheka mpaka akatafuta leso. Wengine wakafuata. Hata kutoka nje kilisikika kicheko kipana cha mama mkubwa, ambaye alikuwa ameegemea mlango.

"Leo usimwachie mtu," Bi Taratibu alimwambia. "Yote ni yako."

Akayachukua. Alijibu huku amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ukikuna kigimbi cha mwenzake, na majibu yalitoka kabla maswali hayajafika mwisho. Kufikia la kumi na tano mwalimu wa taaluma aliacha kusoma karatasi, akawa anatunga ya kwake. Kufikia la thelathini alikuwa ameketi kwenye ukingo wa meza, suruali ile iliyonyooka imejikunja, naye hajali. Mtoto alikosea moja tu, akaligundua mwenyewe, akarudi kulisahihisha wakati mwalimu ameshaingia swali jingine. Mwisho kijana yule alimuuliza nani alimfundisha lile la mabomba.

"Hakuna. Nililiona tangi."

Sasa upepo uligeuka, ukawa mkali upande wa pili. Mmoja alisema mtoto wa namna hii apelekwe darasa la tano moja kwa moja, hata la sita. Mwingine alitaka aitwe mtu wa gazeti. Bi Taratibu, ambaye bado alikuwa hajakaa, alitikisa kichwa.

"Ana miaka minane. Kule watampakata kama mwanasesere au watampiga vikumbo, na mchezo wa kamba atacheza na nani? Mtoto mwenye njaa humhamishi nyumba. Unampakulia."

Akaeleza anavyotaka. Mtoto apande la nne na wenzake. Siku mbili kwa wiki, kipindi cha hesabu, aende kukaa na darasa la tano, kisha arudi. Siku nyingine, akimaliza kazi ya ubaoni, asitumwe kuchota maji wala kuandika majina ya wapiga kelele. Apewe swali jingine, gumu, la peke yake, lisilo na alama wala adhabu. Na si yeye tu. Alitaja watatu wengine: mmoja mtundu aliyetolewa nje mara nyingi kuliko kengele, mmoja asiyesema kabisa, na yule msichana wa benchi la mwisho anayechora tu. "Hawa nao nimewatazama vibaya," alisema.

Waliuliza nani atayatunga hayo maswali, na watoto ni sitini na nane.

"Mimi."

"Lakini wewe ni wa la tatu," mwalimu mkuu alimkumbusha.

Hilo hakulifikiria. Mwalimu mkuu alivaa miwani yake, akavuta daftari, akaandika mstari mmoja, akapiga chini yake mstari wa pili. Kisha akasoma: mtoto amevuka, na mwalimu wa darasa la nne mwaka ujao ni Bi Taratibu.

"Baada ya miaka ishirini na sita," mwalimu wa taaluma alisema, "hatimaye mama kafaulu la tatu." Wakampigia makofi, kwanza kwa utani, kisha kweli, na yule kijana aliyekuwa ameinamisha kichwa alipiga kwa nguvu kuliko wote. Yeye alisimama pale karibu na kabati la ramani na mikono yake ya chaki, hajui aiweke wapi.

Nje, mama mkubwa alikuwa amesikia nusu ya mambo na kuelewa robo. Alimshika mwalimu mkono.

"Kwa hiyo hajafeli?"

"Hajafeli, mama. Aliyefeli ni mimi, nami nimeruhusiwa kurudia."

Muhula mpya ulipofunguliwa, chumba cha la nne kilikuwa na madirisha yanayofunga, na Bi Taratibu kila asubuhi aliyafungua kwa raha ya mtu mwenye gari. Maswali aliyaandika nyuma ya kurasa za kalenda za zamani. Wiki ya kwanza mtoto aliyamaliza yote kabla mwalimu hajapangusa chaki mkononi. Wiki ya pili alichelewa kidogo. Yule mtundu alipewa lake, akakaa. Yule asiyesema alileta jibu, akalisema.

Wiki ya tatu, mwalimu wa taaluma aliingia akijifanya anatafuta ufagio, akaacha karatasi mezani. Una kamba ya mita ishirini na nne. Izungushe bustani. Utaizungusha kwa umbo gani upate nafasi kubwa kuliko zote?

Kiherehere aliichukua, akaenda nayo kwenye dawati lake, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane shuleni hapo, swali likamkalisha. Alichora bustani nyembamba kama mkanda, akahesabu. Akaipanua, akahesabu. Tano kwa saba, thelathini na tano. Sita kwa sita, thelathini na sita. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo. Kengele ya mapumziko ililia, darasa likamwagika nje kwa vumbi na makelele, na yeye hakuinua kichwa. Yule mtundu alifika mlangoni, akageuka, akarudi kuchungulia.

Bi Taratibu alikuwa amekumbatia daftari la mahudhurio, akingoja kufunga mlango.

"Mwalimu," Kiherehere alisema, macho bado yako kwenye karatasi, "ni lazima iwe na pembe?"

Mwalimu alifikiri. Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala yeye kujiuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui kabisa."

Aliliweka daftari dirishani. Akavuta kiti kidogo cha kitoto, akaketi huku magoti yakigonga ubao wa dawati, akaomba penseli. Yule mtundu alisogea akampa yake, iliyotafunwa. Bi Taratibu akainama, akachora bustani ya mviringo, taratibu, na mstari ulipozunguka ukarudi ulikoanzia, haukukutana vizuri. Ukabaki na mwanya mdogo, nao watatu wakausogezea vichwa kuutazama.